Usiku wa Visima 96

"Mama, kimulimuli akiwaka anamwambia nani?"

Mwanangu aliuliza akiwa ameegemea dirisha, nami nina povu la sabuni mikononi. Nikamjibu upesi kwamba dume humwita jike, na jike akimkubali naye humulika. Kisha nikasimama tu, maji yakitiririka. Nilipokuwa nikiandaa tasnifu yangu, swali hilo nililala nalo na kuamka nalo miezi mingi, ila waliokuwa wakiwaka kwangu ni seli.

Kipokezi cha beta-2 kilikuwa kimeniteka. Kimekaa kwenye utando wa seli. Adrenalini ikikigusa kwa nje, umbo lake hubadilika kwa ndani, na baadaye protini iitwayo aresitini huja kukishika ili kukituliza. Nilitaka kuona inavyokuja. Mkiani mwa kipokezi tulibandika NanoLuc, kimeng'enya cha mwanga wa buluu kilichotokana na uduvi wa bahari kuu. Kwenye aresitini tulibandika protini ya njano, kizazi cha ile ya kijani ambayo Osamu Shimomura na wenzake waliipata kwa konyeza Aequorea victoria mwaka 1962. Zikikaribiana, chini ya nanomita 10 hivi, nishati huruka kutoka kwa ya buluu hadi kwa ya njano. Unagawanya njano kwa buluu, unafuatilia uwiano. Mbinu hiyo huitwa BRET.

Wiki kadhaa uwiano wangu uliyumba bila mpangilio. Kumbe sahani nyeupe za maabara, zenye vijishimo 96 vya kuwekea seli viitwavyo visima, hunywa mwanga wa taa za chumba, kisha huutoa polepole, nami nilikuwa nikizipima papo hapo. Aliyenitangulia maabara akaniambia: zima kila kitu, ukae nazo gizani kwanza.

Basi nikazima. Nikafunika kwa karatasi hata kile kitaa kidogo cha friji. Nikakaa. Mwanzoni giza lilikuwa kama ukuta, kisha taratibu nikaanza kuuona ukingo wa meza, halafu vidole vyangu. Nikatia furimazini, kemikali inayoifanya NanoLuc iwake, kisima baada ya kisima, nikihesabu kwa kugusa. Nilipoinua kichwa, visima vilikuwa vinang'aa. Mashine ingesema nanomita 460, buluu kamili. Macho yangu yaliona rangi ya majivu ya mbaramwezi, maana gizani jicho halitofautishi rangi. Sikuthubutu hata kupumua juu yake. Seli hai zilikuwa zikiwaka bila joto wala moto, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikizitazama.

Hapo nikaongeza isoproterenoli, dawa inayokiamsha kipokezi kama adrenalini, kwenye safu moja na kukodoa macho.

Hakuna kilichobadilika. Nilitazama mpaka machozi yakanitoka; kisima kilichopewa dawa na kisichopewa vilifanana kama mapacha. Nikairudisha sahani kwenye mashine. Dakika chache baadaye mstari wa uwiano wa safu ile ulikuwa umepanda na kutulia juu. Safu niliyoitangulizia propranololi, inayoziba kipokezi, ilibaki imelala. Nililia, safari hii si kwa kukodoa macho.

Yaliyofuata yalikwenda mbio: marudio, michoro, utetezi wa tasnifu. Lakini kisima kimoja cha safu ile iliyopanda hakikupanda. Kiliwaka sawasawa na wenzake na bado hakikujibu. Niliandika namba yake pembeni mwa daftari, nikarudia jaribio, na kila marudio kilijibu vizuri. Daftari lile ninalo bado.

Nilimsimulia mwanangu kwa maneno mafupi, mikono imekwisha kukauka. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wewe ulipoziangalia, hukuona zikijibu?"

"Sikuona."

"Na ile moja, uliiuliza tena?"

Nikamwambia nilijaribu. Akageukia dirisha. Nje kimulimuli aliwaka, akazima, nasi tukangoja kwa pamoja kuona kama kuna atakayemjibu.