Bondo ni chakula cha mzazi

Kwa miaka sita nilinunua mabondo ya mbuta, yaani sangara, ufuoni Usenge kwenye Ziwa Victoria na kuyaleta Kisumu bila kujua yanakwenda kufanya nini huko yaendako. Kila niliyemuuliza alinipa jibu lile lile: ni ya kutengeneza uzi wa kushonea wagonjwa. Wavuvi walisema hivyo, madalali walisema hivyo, nami nikawaambia wenzangu hivyo hivyo.

Kwa msomaji asiyetoka ziwani, bondo ni kile kifuko cha hewa tumboni mwa samaki, kinachomsaidia kuelea. Utotoni mwangu sikumbuki mtu akilitaja. Mama alikuwa akikaanga mgongo wazi mtaani Obunga, hapa Kisumu, ile mifupa ya mbuta iliyotoka viwandani baada ya minofu kusafirishwa Ulaya.

Sasa, ukiamini kwamba bondo ni uzi, utalitunza kama uzi. Nilianika juu ya mabati. Mvua ikinyesha nililitundika jikoni juu ya moto. Uzi utadhurika nini na moshi?

Msimu mmoja wa masika nilipeleka kilo tatu kwa mnunuzi Mchina mwenye ghala hapa mjini. Alichukua bondo moja akaliinua dirishani. Mwanga ukapita ndani yake, rangi ya asali, na katikati mshipa wa damu ukaonekana umekauka. Akalinusa. Akaliweka kando, akachukua lingine. Hakutaja bei. Alinimiminia maji ya moto kwenye glasi, akaendelea kuinua na kunusa. Kwetu mnunuzi akinyamaza, ujue anatafuta pa kuanzia, basi nikapunguza bei. Akanyamaza. Nikapunguza tena. Mwishowe msichana wa hapa Kisumu anayemtafsiria akaniambia kwa Dholuo, polepole: "Mama, alishakataa. Yananuka moshi."

Zile zilikuwa pesa za chama chetu cha akiba. Nilirudi nyumbani na gunia langu na sikulala.

Wiki iliyofuata nilirudi mikono mitupu, nikaomba nielezwe tu. Mke wa yule mnunuzi alikuwa anapika upande wa nyuma. Akanifunulia sufuria. Bondo lililolowekwa usiku kucha lilikuwa limevimba, nene na laini, linachemka pamoja na kuku na tangawizi. Nikauliza nani hula hii. Yule mama akaeleza kwa kirefu, na msichana akanifupishia: alipojifungua mtoto wake wa kwanza, mama yake mzazi alimpikia supu hii.

Chakula cha mzazi! Kwetu mwanamke akijifungua hupewa uji wa wimbi na mchuzi wa samaki ili apate nguvu na maziwa yashuke. Ni nani atampelekea mzazi mchuzi wenye harufu ya masizi, wenye mchanga, wenye damu iliyoganda? Kuna pia bondo la kuweka, yule mama akaniambia. Huhifadhiwa kabatini miaka na miaka, na kadiri linavyozeeka ndivyo linavyothaminiwa, na huwa zawadi ya heshima wakati wa mwaka mpya wao. Likibaki na unyevu kidogo tu ndani, litaoza mikononi mwa mtu aliyelitunza kwa ajili ya wajukuu.

Hayo yote dalali angeweza kuniambia kwa dakika mbili. Yeye huenda alijua, huenda hakujua.

Nawaza sana kuhusu mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa samaki wa ziwa letu kwa hofu ya sumu iliyotumiwa kuvulia. Nilikuwa msichana mdogo. Mbuta wasipoingia kiwandani, mgongo wazi hautoki, na karai la mama likakaa bila mafuta. Jiko la mtu aliye mbali lilikuwa limezima letu, na sisi hatukujua hata anampikaje huyo mbuta. Leo nikisikia viongozi wakisubiri mwekezaji kutoka nje, natamani wamuulize hilo kwanza: bidhaa yetu inaliwa na nani, lini, kwa nini.

Sasa tuko wanawake watano. Tunapasua kwa kisu chembamba, tunakwangua utando wa damu ungali mbichi, tunaanika juu ya chanja za wavu, tunapanga kwa gramu, kwa sababu kilo ya mabondo makubwa ina bei mbali kabisa na kilo ya madogo. Hilo linaniuma pia. Bei hiyo inawavuta wavuvi kwa mbuta wakubwa, na hao ndio wenye mayai mengi. Na madogo ya samaki wasiofika sentimita 50, kipimo cha sheria, bado yanaletwa ufuoni yamefichwa chini ya mengine. Mimi nayarudisha, hata mwenye nayo akinuna.

Mzigo wa mwisho ulikuwa kilo kumi na moja. Mnunuzi aliinua dirishani karibu kila moja, akakataa mawili tu, yenye tundu la kisu. Nilirudi nayo nyumbani. Wifi yangu amejifungua juzi. Nimeyaloweka tangu jana usiku, na kuku yuko tayari.