Vizibo juu ya vigae

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi mtaani kwetu Himbi, hapa Goma, na kompyuta ya Yaya, ndugu yangu mkubwa, ilikuwa imeisha chaji. Alikuwa amerudi likizo kutoka chuo kikuu. Akamwaga juu ya vigae vya sebule mfuko wa vizibo vya soda alivyoviomba kwenye nganda, baa ya shangazi, akaniambia kuna mchezo usiohitaji mchezaji.

Ni Mchezo wa Uhai wa John Conway, mwanahisabati Mwingereza, uliojulikana duniani mwaka 1970. Kigae chenye kizibo kina uhai. Majirani zake ni 8, wa pembeni na wa kwenye kona. Wakiwa hai 2 au 3, kinabaki, vinginevyo kinakufa. Kigae kitupu chenye majirani hai 3 kamili kinapata uhai. Yote hutokea kwa mpigo mmoja, uitwao kizazi, na hapo ndipo kazi ilipo: kizibo cha kufa tulikipindua, penye kuzaliwa tukaweka punje ya haragwe.

"Usitoshe kwanza!" Yaya alinishika mkono nisiondoe kizibo. "Hesabu yote, kisha ndiyo utoshe."

Tulianza na vizibo 4 vya umbo la T. Vikawa 7, kisha 6, na kufikia kizazi cha 9 tulikuwa na mistari 4 ya vizibo vitatuvitatu, kila mmoja ukisimama na kulala, ukisimama na kulala.

Yaya akavisukuma vyote kando, akapanga 4 tu kwa mraba. "Hesabu."

Kila kizibo kilikuwa na majirani 3. Vigae vilivyouzunguka mraba vilikuwa na 2 au 1. Hapakuwa na cha kupindua wala pa kuweka haragwe. Nilikuwa nimezoea kudhani kitu kilichotulia hakiguswi na lolote. Huu mraba ulikuwa unapimwa kila kizazi kwa sheria ileile inayoua wengine, na kila mara unapita. Hadi leo sijaona hoja ya hisabati iliyonifurahisha kuliko hiyo.

Usiku umeme uliporudi, Yaya alinionyesha pentomino ya R: seli, yaani vigae hai, 5 tu, zinazovurugika vizazi 1103 kabla ya kutulia, zikiacha miraba 8 kama ule wetu. Kisha akaweka umbo la seli 7 liitwalo mlaji, akalirushia glaida, kile kidude cha seli 5 kinachotembea mshazari. Glaida ikagonga. Mlaji akaharibika, na baada ya vizazi 4 akarudi umbo lake lilelile, glaida haipo.

Nikamwomba arudie polepole, nikawa nachora kila kizazi daftarini. Mama akaita chakula mara ya pili.

"Tunakuja, Mama," Yaya akajibu. "Bado kizazi kimoja."