Kumfungia skrini mtu tunayekula naye

Leo saa nne, nilipoinuka kwenda kuchukua chai, nilibonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi L, skrini ikajifunga, na dada wa meza ya jirani, ambaye tumekaa naye ofisi moja kwa miaka sita, akaniuliza kwa utani kama nimeanza kumwona mwizi. Nilicheka, lakini swali lile limenifuata hadi kwenye taksi ya kurudi Ntinda, hapa Kampala.

Mimi nimelelewa Arua, katika nyumba ambayo mlango wake haukufungwa mchana, na kumfungia mtu mnayekula naye sahani moja kulihesabiwa kuwa matusi. Ndiyo maana orodha ya mishahara ya watu zaidi ya arobaini, pamoja na namba zao za kitambulisho cha taifa na za simu, ilibaki wazi mezani kwangu kila nilipokwenda msalani.

Kilichonishtua ni barua pepe ya mwezi jana. Mzee anayetuuzia karatasi alituandikia, au ndivyo nilivyodhani, kwamba amebadilisha akaunti ya benki na angependa malipo yaende kwenye akaunti mpya. Salamu zilikuwa zake, hata namba ya ankara ilikuwa sahihi. Nilikuwa nimeshaanza kujaza fomu ya malipo nilipoitazama tena anwani: pale palipostahili kuwa na m, palikuwa na r na n zilizobanana, ambazo kwa macho yaliyochoka ya saa kumi jioni hazina tofauti yoyote. Nikafungua faili la ankara za zamani, nikapiga simu kwa namba iliyochapwa humo, wala si ile ya kwenye barua. Nakiri kwamba niliona haya kumpigia mzee wa watu kana kwamba simwamini. Yeye alinishukuru mara tatu. Akaunti hakuwa ameibadilisha. Jinsi matapeli walivyoipata namba ya ankara hatujajua hadi leo.

Tangu siku hiyo barua pepe yangu inaomba nywila na kisha tarakimu zinazokuja kwenye simu. Nywila yenyewe ni sentensi ndefu ya Kilugbara aliyopenda kuisema bibi yangu (siiandiki hapa, bila shaka). Zamani ofisi ilitulazimisha kubadilisha nywila kila mwezi, nasi tukawa tunaongeza namba moja mwishoni, jambo ambalo NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ililishauri liachwe tangu 2017.

Sheria yetu ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde, na zikivuja atoe taarifa mara moja kwa mamlaka husika. Nilipoisoma niliona kosa langu lilipokuwa. Imani niliyokuwa nikiigawa kwa ukarimu mle ofisini haikuwa yangu, ilikuwa ya wale arobaini, na hakuna hata mmoja aliyenituma nimwonyeshe jirani yangu mshahara wake.

Kesho nitamweleza hivyo dada wa meza ya jirani. Nywila yangu ya zamani anaijua tangu nilipokuwa likizo ya uzazi, akinijazia ripoti bila kulipwa hata shilingi. Haifanyi kazi tena, na hilo sijamwambia.