Dada, una mume?

Mwanamke ukimpigia simu dalali wa vyumba hapa Mwanza, hilo ndilo swali linalotangulia. Hajakuuliza unataka chumba kimoja au chumba na sebule, hajataja bei. Ukijibu huna, linafuata la watoto. Ukisema unao, sauti inabadilika: "Basi ngoja niongee na mwenye nyumba, nitakucheki." Hakucheki.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea soko la Mlango Mmoja. Pia ni msaidizi wa kisheria, katika kundi lile lililotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Mteja analeta kitambaa, vipimo vikiisha anabaki na maneno. Nilitegemea kusikia zaidi habari za mirathi na matunzo ya watoto, na hizo hazikauki, lakini kinachojirudia ni chumba. Muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba kanyimwa kwa sababu ya harufu. Mama lishe kanyimwa kwa sababu ya masizi. Binti wa kiwanda cha samaki anatoka zamu usiku, kwa hiyo "geti atamfungulia nani?" Kijana wa bodaboda anaambiwa mabachela hawatakiwi. Baba mmoja anayetembelea magongo alipelekwa kuona chumba juu kabisa Mabatini, na dalali aliyempeleka ndiye aliyemwambia mlima hatauweza. Akamtoza na hela ya kuonyeshwa.

Asiyeijua Mwanza aelewe hili: kwenye vilima vyetu, kadiri unavyopanda juu ya mawe ndivyo kodi inavyoshuka na maji yanavyokuwa ya kubahatisha. Chumba cha bei nafuu kipo, ila kinataka miguu mizima na mgongo wa kubeba ndoo.

Niliwahi kusoma jinsi watetezi wa haki za raia Marekani walivyokuwa wakiwanasa wenye nyumba wabaguzi. Walituma watu wawili kuulizia nyumba ileile, mmoja mweusi na mmoja mweupe, wenye kipato kinacholingana, kisha majibu yakawekwa pamoja. Mwaka 1982, katika kesi ya Havens Realty dhidi ya Coleman, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikubali kwamba hata mjaribu asiye na nia ya kuhamia, akidanganywa kuwa nyumba zimejaa, ana haki ya kushtaki.

Nikamwambia jirani yangu wa dukani, anayeuza mitumba: hebu tuwafanyie na sisi. Tukachagua madalali waliobandika namba zao kwenye nguzo za umeme. Mimi nilisema kweli tupu, kwamba nimeachana na mume na nina watoto wawili. Yeye akawa mke wa mtu, mume yuko mgodini Geita, watoto bado. (Mwenzangu huyu ana watoto wanne na hajawahi kuolewa, na alivyomsifia huyo mume wa Geita nusura nimwamini.) Chumba cha Nyakato ambacho nilipouliza mimi kilikuwa "kimechukuliwa jana", alipouliza yeye kilikuwa kinamsubiri, na bei ikashuka kidogo kwa heshima ya shemeji. Wengine walitujibu sawasawa, siwezi kuwasingizia. Lakini wa Nyakato nilimpigia tena nikamweleza tulichofanya. Hakukasirika. "Dada, mimi natumwa tu," alisema. "Nikimpelekea mwenye watoto, mama mwenye nyumba hanipi funguo tena."

Ndipo nilipokwenda kuisoma Katiba yetu upya. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na inataja hadi jinsia na hali ya mtu katika maisha. Lakini isome taratibu: anayekatazwa ni mtu au mamlaka inayotekeleza madaraka chini ya sheria, au inayofanya shughuli ya Mamlaka ya Nchi. Afisa wa halmashauri akininyima huduma kwa sababu sina mume, nina pa kumshika. Mama mwenye nyumba akininyima chumba kwa sababu hiyohiyo, ibara hiyo inampita pembeni.

Wamarekani nao walikuwa na pengo la namna hii, na kuliziba kuligharimu. Mwaka 1966 Martin Luther King alihamia kwenye nyumba ya kupanga katika mtaa wa maskini Chicago ili kudai makazi bila ubaguzi. Agosti ya mwaka huo akapigwa jiwe kichwani akiwa kwenye maandamano. Sheria ya kukataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba ilisainiwa na Rais Lyndon Johnson tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya King kuuawa. Ilianza na rangi, dini na asili ya mtu. Jinsia iliongezwa 1974. Wenye ulemavu na familia zenye watoto walingoja hadi 1988. Nikiwaambia wateja wangu kwamba kuna nchi ambako kusema "sitaki watoto" kunaweza kukufikisha mahakamani, wanacheka kama nimewaambia ng'ombe wanataga.

Sheria hiyo hata hivyo haifai kunakiliwa yote. Ina msamaha kwa mwenye nyumba anayeishi humohumo na wapangaji, ilimradi jengo halizidi familia nne. Ukiuleta msamaha huo Igogo au Bugarika, utawakosa wengi kati ya wenye nyumba wanaolalamikiwa, maana bibi analala chumba cha mbele na wapangaji wamezunguka uani.

Na hata ukipita kwenye usaili wa dalali, kuna hela. Chukua chumba cha elfu hamsini kwa mwezi. Unadaiwa miezi sita kwa mkupuo, laki tatu. Dalali anachukua mwezi wake mmoja. Laki tatu na nusu zimekutoka na bado hujanunua hata kitasa. Anayeuza mchicha anapata hela yake kwa siku, atazitoa wapi za nusu mwaka? William Lukuvi alipokuwa Waziri wa Ardhi alilisemea hadharani jambo hili la kudai kodi ya miezi sita au mwaka, tukapiga makofi. Makofi yameisha, miezi sita ipo palepale.

Kuna na hii ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme, na kwa nyumba ya kawaida sasa ni 1,500 kwa mwezi. Ni deni la mwenye jengo, lakini anayekatwa ni yule aliyenunua umeme wa kwanza mwezi ukianza. Nyumba yenye wapangaji wengi na mita moja, kila mmoja anamtegea mwenzake, wanakaa gizani hadi mwenye mtoto anayesoma ashindwe uvumilivu. Nimesuluhisha ugomvi wa aina hiyo uliofika hadi kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu ya shilingi 1,500!

Zamani mpangaji alikuwa na pa kukimbilia. Kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za pango, ya 1984, na mabaraza yake ya nyumba. Ikafutwa 2005. Tumebaki na Sheria ya Ardhi ya 1999, ambayo ina mazuri yake: mkataba usiotaja muda unahesabiwa kwa kipindi unacholipia, na notisi ya kuondoka haipungui kipindi hicho. Wengi hawalijui hili, ndiyo maana mtu anaambiwa Ijumaa aondoke Jumapili na anaondoka. Mabaraza ya kata nayo tangu 2021 yanasuluhisha tu, hayaamui. Ukishindwana huko unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na wakati unajaza fomu mlango wako umeshang'olewa.

Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa hawajafika mbali sana, lakini wameanza. Uganda ilitunga sheria ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022, na kodi haipandishwi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, inataja makazi kuwa haki ya kila mtu. Wana na baraza la kodi ya pango, ingawa linahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 zao kwa mwezi, kiwango cha enzi nyingine. Maji ni yaleyale, dagaa ni walewale, lakini mpangaji wa Jinja kule Uganda ana namba ya kumwonyesha mwenye nyumba na wa Mwanza hana.

Nimezungumza na wenye nyumba pia. Mama ninayepanga kwake ni mjane. Kila mfuko wa saruji wa nyumba ile ulipanda mlima kichwani mwa mtu, na alilipa kwa kila kichwa. Ananiambia, "Mwanangu, mpangaji wa mwezi mwezi alinitoroka na miezi mitatu, na balbu akachukua. Nimshtaki wapi?" Hana jibu na mimi sina, maana baraza ambalo lingenisikiliza mimi ndilo lingemsikiliza na yeye. Kwa hiyo wanaosema kutetea wapangaji ni vita na wenye nyumba, siwaelewi. Ninachokasirikia ni kwamba kila semina ya makazi tunayoitwa ni ya hati, urasimishaji na mikopo ya kujenga. Yote hayo ni ya mwenye kiwanja. Jirani akipata hati mkononi, mpangaji wake anapata taarifa ya kodi mpya.

Tumeandika barua, wasaidizi wa kisheria pamoja na wapangaji wa mitaa kadhaa. Hatujaomba ukomo wa kodi. Wapo wenzangu walioutaka na tulibishana sana. Msimamo wangu ni kwamba ukomo usio na chombo cha kuusimamia ni karatasi ya kufungia maandazi. Halmashauri za miji zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, tukaanzia hapo: madalali wasajiliwe na watoe risiti, wasiruhusiwe kuuliza ndoa wala watoto, kodi isidaiwe zaidi ya miezi mitatu kwa mkupuo, na kila kata iwe na daftari la mikataba ya pango ambalo mwenye nyumba na mpangaji wote wanaweza kulitegemea. La nne ndilo mama mwenye nyumba wangu alilolipenda, akaweka na sahihi.

Diwani amesema tulete ushahidi, si malalamiko. Sawa. Mwenye mkataba wa pango aulete dukani nitoe nakala. Asiye na mkataba aje na meseji za M-Pesa za kodi aliyolipa, na aliyekataliwa kwa sababu ya mume, watoto au kazi yake aje aniandikishie: mtaa, mwezi, na maneno aliyoambiwa, bila kutaja jina la mtu. Nipo kila siku isipokuwa Jumapili, cherehani la tatu kutoka kona ya wauza viatu.