Tepu ya supakondakta: usiulize tesla ngapi tu, uliza na pembe

Kuna namba moja inapoteza watu sana kwenye tepu za REBCO, kanda nyembamba za supakondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila upinzani kikipozwa sana. Namba yenyewe ni zile ampea zilizoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji. Tepu ya upana wa milimita 4 wanakuambia inabeba ampea 100 na kitu kwenye nitrojeni ya kimiminika, yaani kelvini 77, na ni kweli, ila hapo wamepima bila sumaku yoyote ya nje. Ukiiweka ndani ya uga wa sumaku (nguvu yake inapimwa kwa tesla) namba inashuka, na itashuka kiasi gani inategemea pia uga unaipiga tepu kwa pembe gani.

Sababu iko kwenye fuwele yenyewe. REBCO ni ukoo mmoja na YBCO, supakondakta ya mwaka 1987 iliyogunduliwa na wanafizikia kina Paul Chu na Maw-Kuen Wu, na ndani ya tepu ni safu ya mikroni moja au mbili hivi tu, kinachobaki ni mkanda wa Hastelloy (aloi ya nikeli), bafa yaani tabaka za kutenganisha, fedha kidogo na shaba. Fuwele imejipanga matabaka matabaka ya shaba na oksijeni yaliyolala sambamba na uso wa tepu. Sasa uga ukipenya humo unapenya kwa nyuzi nyembamba zinaitwa vorteksi, ukipitisha umeme unazisukuma, na zikianza kutembea tu volti inatokea, joto linatokea, umekwisha. Kazi yote ni kuzibana zisisogee.

Uga ukiwa sambamba na uso wa tepu, vorteksi zinajilaza katikati ya matabaka na kukwama zenyewe, bure kabisa. Ukiwa wima zinatoboa matabaka yote na hapo kinachozishika ni kasoro za fuwele tu, ndo maana watengenezaji wanaotesha makusudi vijiti vidogo mno (vya nano) vya kemikali ya BaZrO3 vilivyosimama wima humo ndani. Vinasaidia kweli, grafu ya ampea kwa kila pembe inapata kilele cha pili kwenye digrii 90, yaani uga ukiwa wima, lakini sasa bonde linaweza kuhamia pembe za katikati, kwa hiyo usikariri kwamba wima ndo mbaya siku zote. Halafu grafu ya kelvini 77 usiibebe ukaitumie kwenye kelvini 20 au 4, umbo linabadilika. Mimi muuzaji asiye na grafu ya pembe simsikilizi.

Utamu uko kwenye koili, yaani tepu ikishazungushwa kuwa sumaku. Katikati ya koili uga unafuata mhimili, sambamba na tepu, hakuna shida. Kwenye ncha unapinda kutoka nje na kuikata tepu. Kwa hiyo sehemu yenye uga mkali kabisa ni katikati ila koili mara nyingi inakwamia nchani, wageni wa hii kazi wanashangaa sana hapo!

Na si ampea tu. Uga unaoikata tepu pana namna hii unaamsha mikondo ya kuukinga ndani ya tepu yenyewe, na mikondo hiyo inaleta nguvu zinazovuta kingo bila usawa. Mwaka 2019 kule Tallahassee, Florida, koili ndogo ya REBCO iliongeza tesla 14.4 ndani ya sumaku ya kawaida (isiyo ya supakondakta) ya tesla 31.1, jumla 45.5, rekodi wakati huo, ila walipoikagua baadaye tepu zingine zilikuwa zimekunjamana kwenye kingo na mikondo hiyo ikahusishwa.

Dawa zipo. Wengine wanaweka tepu pana zaidi kwenye koili za nchani, wengine wanaweka pete za chuma nje ya ncha ziuvute uga unyooke kidogo, na kwa mota au transfoma hizo pete naziona zina maana sana. Ila chuma kinashiba kwenye tesla 2 hivi, kwa hiyo kwenye sumaku ya tesla 20 usitegemee pete ikuokoe, hapo ni kuongeza tepu nchani au kupunguza ampea.