Jina la Babu kwenye kava

Mpwa wangu yuko mwaka wa kwanza. Jana kaniandikia: "Shikamoo mjomba. Naomba elfu kumi, tuna kazi ya kikundi." Nikamuuliza yeye kaandika sehemu ipi. Akajibu kuandika wanaandika wenzake, mchango wake ni kuprinti na kubaindi. Hela nimemtumia. Ila usiku nikamkumbuka Babu.

Babu hakuwa mzee. Alikuja chuo akiwa ameshafundisha shule ya msingi miaka mingi, na alivaa koti hata kwenye joto la Dar la mwezi wa pili. Kozi ilikuwa DS, yaani Development Studies, ile ya lazima kwa kila mtu. Kikundi chetu kikapewa maandamano ya Oktoba 1966, wasomi wa Chuo Kikuu walipopinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300, na siku hiyohiyo akatangaza kujipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Haikupita miezi minne, likaja Azimio la Arusha na Miiko ya Uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Tuliandika kurasa kumi na kitu za kuwasema wasomi wabinafsi, nyingi tukiwa tumezitoa kwenye desa, kazi ya kunakili, la mwaka uliopita.

Babu wakati huo alikuwa kwao anavuna mpunga. Kiongozi wa kikundi akaliweka jina lake, kama ilivyo kawaida.

Siku ya semina mwalimu akafungua kava, akapitisha kalamu kwenye majina, akaishia kwake. "Wewe tueleze hiyo Miiko." Babu akasimama. Akafunga kifungo cha koti, akakifungua, akakifunga tena. Nilidhani anatafuta pa kuanzia, na Mungu anisamehe, nikamsogezea karatasi yangu ukingoni mwa meza ili achungulie. Hakuitazama.

"Mwalimu, hii kazi sikuifanya. Nilikuwa shamba. Jina langu limewekwa kwa huruma tu."

Nyuma mtu akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. Feni inazunguka. Kiongozi wetu anakodolea macho sakafu kama kadondosha shilingi.

"Nani kaliweka?"

"Hilo sitasema, mwalimu."

"Ulikuja kusema ukweli au nusu yake?"

"Wangu nimeshausema."

Mwalimu hakubishana naye. Alama za kikundi kizima zikakatwa nusu.

Pale nje alisemwa! Kwamba kajisafisha kwa maji yetu, kwamba mtu mzima hana akili. Mimi nilinyamaza, ingawa moyoni nilikuwa upande wa wenye hasira. Wengine tulikuwa tunanusa sapu, ule mtihani wa kurudia. Hadi leo sijaamua. Angesema uongo, tungepona wote. Angemtaja kiongozi, wasio na hatia wangepona, maana kweli kuna waliokesha kwenye kazi ile. Alichagua pale katikati, na sijui kama ule ulikuwa uadilifu au ukaidi wa mwalimu wa zamani. Nadhani hata yeye ukimuuliza angefunga kifungo kwanza.

Kazi iliyofuata Babu aliomba kufanya peke yake, akaruhusiwa. Sisi tukabaki na kikundi chetu. Majina kwenye kava yalikuwa saba. Walioandika hawakufika nusu.