Riwaya Mpya ya Mwandishi Umpendaye Ikikuangusha

Ukiona riwaya mpya ya mwandishi umpendaye imekuangusha, jiulize kwanza ulimpendea nini. Wengi wetu hapa Kisumu, Kakamega na Nakuru tulimjua mwandishi kupitia kitabu teule: mwalimu mbele, mwongozo mkononi, maudhui na wahusika wameshachambuliwa. Kitabu kingine cha mwandishi yuleyule hakiji na mwongozo, na mara nyingi tunachokikosa ni ule msaada, si ufundi.

Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania, ndiye mfano ulio wazi zaidi. Alizaliwa 1944 kisiwani Ukerewe, katika ziwa hili letu la Victoria. Rosa Mistika (1971) humnasa msomaji mapema: Zakaria ni mlevi, tena mkali kwa binti zake, na anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Nyumba kama hiyo tunaijua. Aliyekipenda kitabu hicho akifungua Nagona (1990), anakuta msimulizi anayesafiri katika mahali pasipo kwenye ramani yoyote, na wanafalsafa wamo humo. Ni kitabu chembamba, hakifiki kurasa 100, lakini kinachosha vibaya ukikisoma ukingoja kujua nini kilifuata. Kisome mara ya kwanza bila kusimama. Mara ya pili shika penseli, na kila taswira inayojirudia iandikie nambari ya ukurasa kwenye karatasi ya mwisho. Mpangilio wa kitabu utauona kwenye hiyo orodha. Kwa maoni yangu Kezilahabi hakuchoka hapo; alibadilisha kazi, na msomaji hana budi kubadilisha usomaji.

Lakini kuna riwaya dhaifu kwelikweli, na jina kubwa halizisitiri. Chukua mazungumzo ya ukurasa mmoja, funika majina ya wasemaji kwa kidole, kisha usome kwa sauti. Ikiwa chifu, mama mboga na mwanafunzi wote wanaongea kama mhariri wa gazeti, wahusika hawajaumbwa. Halafu angalia matatizo yanavyotatuliwa. Sadfa moja mwanzoni inavumilika, kwa kuwa ndiyo inayoanzisha mambo. Sadfa inayomwokoa shujaa katika sura ya mwisho ni mwandishi kukwepa kazi yake. Mahubiri nayo ni rahisi kuyagundua: ruka aya nzima, na kama hakuna kilichopungua katika kisa, aya hiyo ilikuwa hotuba.

Usisahau kukagua nakala yenyewe, hasa ya mtumba au iliyonakiliwa kiholela. Vitabu hufungwa kwa vifungu, aghalabu vya kurasa 16 au 32. Kifungu kimoja kikidondoka, mhusika anakufa bila kuugua na wewe unamlaumu mwandishi. Fuata nambari za kurasa kutoka 1 hadi mwisho. Ni kazi ya dakika chache. Ukipata pengo, tafuta nakala nyingine maktabani kabla hujasema neno.

Kwenye kikundi cha wasomaji, "hajaandika kama zamani" haimsaidii mtu. Leteni ukurasa mmoja wa kitabu cha zamani na mmoja wa kipya, vyote viwe vya tukio la aina moja, tuseme mazishi au ugomvi wa nyumbani. Visomwe kwa sauti, kimoja baada ya kingine, na anayelalamika aonyeshe sentensi.